Mkoba wa Kifuani

Jumapili, Kibuye, juu ya turubai la buluu,
kati ya viatu visivyo na wenzi na mikanda ya mtumba,
niliikuta mikoba miwili ya kifuani
imelala chali kama kobe.

"Mkubwa ndio mali," akasema Odundo,
akauinua kwa mikono miwili.
Mifuko kumi na minne, nilihesabu.
Zipu, vifungo, vitanzi vya kuning'inizia vitanzi vingine.
"Ukivaa huu, dada, hata risasi itakuomba radhi."

Sikumwambia kwamba risasi haina adabu.
Nilimwambia natoka Shinyalu,
nalinda msitu kwa miguu,
na mgongo wangu nimeufuta kazi.

Kwa maana Lihanda alibeba yote mgongoni.
Usiku ule wa wapasua mbao
redio yake ilikuwa chini kabisa ya begi,
chini ya sweta, chini ya sufuria, chini ya koti la mvua,
ikimwita kwa jina.
Sote tuliisikia. Yeye peke yake hakuweza kuifikia.
Sasa anatembelea gongo, na husema
kitu usichoweza kukishika gizani
si chako, unambebea mtu mwingine.

Basi nikauvaa ule mkubwa.
Ulishonewa kifua cha mwanamume,
kifua bapa kama meza ya karani.
Ukanibana pale pale ambapo mwanangu, miezi saba,
alinyonya alfajiri na kuacha deni.
Maziwa yakapenya blauzi.
Odundo akaangalia upande wa Kondele.

Nikamwomba gunia.
"La nini?"
La kulalia.

Nikalala kifudifudi katikati ya soko.
Wauza nyanya wakasimama, mtoto akacheka,
mama mmoja akauliza kama nina kifafa.
Lakini nusu ya kazi yangu ni kulala hivi,
shavu kwenye majani yaliyooza,
msumeno ukipita hatua sita kutoka sikioni.
Na ule mkoba uliniinua juu ya ardhi
kama mtungi juu ya ngata:
nikabembea, mikono huku, miguu kule,
shabaha ya kila mwenye tochi.

Nikauvua. Nikavaa mdogo.
Mifuko minne, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.
(Wa madoadoa ya jeshi nisingeugusa.
Sitaki kulala korokoroni kwa kosa la kitambaa.)
Nikalala tena. Kidevu kikagusa gunia.
Nikanusa omena wa juzi, nikasikia moyo wangu
ukibisha hodi kwenye mfuko wa tatu.

"Minne haitoshi," Odundo alisema.
Redio kushoto, mdomo wake karibu na wangu.
Bandeji, na kamba ya kuzuia damu.
Daftari na penseli, maana wino hulia mvua ikinyesha.
Na tochi? Tochi itaingia na bandeji, wagombane humo humo.
Darubini abebe Mukabana, macho yake ni mabovu kuliko yangu.
Biskuti zisafiri tumboni.
Filimbi ina shingo yangu.

Alianzia elfu mbili na mia tano.
Tuliachana kwenye elfu moja mia nne,
yeye akinung'unika, mimi nikijipangusa vumbi la magotini.
Fundi Apondi akaisogeza mikanda vidole vitatu kila upande
na hakuuliza kwa nini. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Mfuko wa nne bado sijaupa kitu.

Leo alfajiri mwanangu ameung'ata mkanda wa kushoto,
akaona si titi,
akanitazama kama mtu aliyepewa risiti ya uongo.
Nimemwachia autafune mpaka gari la zamu lipige honi.
Bado unanuka omena.